Kipande cha Lamu na binamu wa Muscat: dini imejificha wapi katika uraia?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Shangazi yangu alizaliwa hapa mwaka 1959, akahamia Muscat na kaka zake 1976, na 1983 akapewa uraia wa Oman. Binti yake alizaliwa huko 1988, sasa anataka kurudi kwao. Ameambiwa ofisini kuwa hana haki kwa sababu amezaliwa nje na ni Mwarabu. Mdogo wangu wa miaka 19, mzaliwa wa hapa hapa, mwaka wa pili huu anapigwa msasa akiomba kitambulisho, anaulizwa babu wa babu alizaliwa wapi. Nasikia Israel humrudisha Yahudi yeyote, na India imechagua wa kupewa uraia kwa dini zao. Je, na sisi Waislamu wa pwani tunabaguliwa kisheria, au ni ubaya wa watu wa ofisini? Na la kufanya ni lipi?

Jibu:

Waalaikumu salaam, dadangu. Umeuliza mambo matatu ukayafunga fundo moja, na fundo hilo humfaa sana afisa asiyetaka kujibu. Nilifungue. Binamu yako, kwa maelezo uliyotoa, ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, na kuzaliwa kwake Muscat hakumwondolei hilo. Shangazi yako ana haki ya kurejeshewa uraia wake. Mdogo wako hana haja ya babu wa babu. Na dini haimo ndani ya sheria ya uraia ya Kenya. Ikiwapo, basi iko mezani, baina ya karatasi na mkono wa anayeipokea. Hapo ndipo pagumu kupashika, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Nitapitia nje kwanza, kwa kuwa umeuliza, na kwa kuwa ukiona wenzetu walivyoandika utajua wapi pa kutazama kwetu.

Israel ilipitisha Sheria ya Kurudi tarehe 5 Julai 1950. Inasema kila Yahudi ana haki ya kuingia nchini kama mhamiaji, na haki hiyo humfikisha kwenye uraia. Mwanzoni sheria haikueleza Yahudi ni nani, na shida ikaja upesi. Oswald Rufeisen alizaliwa Poland na wazazi Wayahudi, akaokoa watu wakati wa Wanazi, kisha akawa mtawa wa Kikatoliki wa shirika la Wakarmeli. Alipoomba kurudi kama Yahudi, mahakama ya juu ya nchi hiyo ilimkatalia mwaka 1962: aliyeingia dini nyingine kwa hiari yake hahesabiwi Yahudi kwa sheria hii. Ilibidi apate uraia kwa tajnisi ya kawaida, kama mgeni mwingine. Mwaka 1970 bunge likaandika wazi: Yahudi ni aliyezaliwa na mama Yahudi, au aliyesilimu kwa dini hiyo (mtaniwia radhi kwa neno, lakini ndilo linaloeleweka), naye asiwe wa dini nyingine. Hapo hapo haki ikapanuliwa kwa mtoto, mjukuu, na wake au waume zao, hata kama wao wenyewe si Wayahudi. Kwa hiyo ni nasaba na dini zilizosukwa pamoja. Mjukuu asiyesali popote anaingia, na mtoto wa mama Yahudi aliyebatizwa kwa hiari anazuiwa.

Upande wa pili wapo Wapalestina waliokimbia au kufukuzwa mwaka 1948. Azimio la 194 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 11 Desemba 1948, linasema katika aya ya 11 kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na majirani waruhusiwe mapema iwezekanavyo, na wasiotaka walipwe fidia. Halijatekelezwa. Watetezi wa Sheria ya Kurudi husema ilikuwa kimbilio baada ya mauaji ya halaiki, na kwamba kila dola ina hiari ya kuwapendelea watu fulani inapokaribisha wageni. Mkataba wa kupinga ubaguzi wa rangi wa mwaka 1965 kweli unaziachia nchi nafasi katika sheria za uraia, mradi zisiubague utaifa wowote mahususi. Kwa maoni yangu kukaribisha ni jambo moja na kuzuia ni jingine. Kumfungulia mlango mtu ambaye hajawahi kuwa wako kunajadilika. Kumfungia aliyekuwa ndani, kwa sababu ya dini au asili yake, hakuna mkataba unaokuvumilia. Shika tofauti hiyo, maana kesi ya binamu yako ni ya mtu wa ndani.

India ndiyo iliyoandika kwa uwazi zaidi. Sheria ya mwaka 2019 inataja dini sita kwa majina: Wahindu, Masingasinga, Mabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo, waliotoka Afghanistan, Bangladesh au Pakistan na kuingia India kabla au ifikapo tarehe 31 Desemba 2014. Hao hawahesabiwi wahamiaji haramu, na muda wao wa ukaazi umepunguzwa kutoka miaka 11 hadi 5. Mwislamu hayumo, hata akiwa wa kundi linaloteswa na Waislamu wenzake. Kanuni za kuitekeleza zilitoka Machi 2024. Maldives, kwa katiba yake ya 2008, haimpi uraia asiye Mwislamu. Kuwait ilibadilisha sheria yake mwaka 1982 kwa namna inayofanana na hiyo: anayeomba tajnisi awe Mwislamu. Nayataja haya mawili ili tusidhani sisi Waislamu siku zote ndio tunaofungiwa mlango. Kuna mahali sisi ndio tulioushika ufunguo.

Hizo ni rahisi kuzisoma. Ngumu ni zile ambazo neno "dini" halimo kabisa. Ugiriki ilikuwa na kifungu cha 19 cha sheria yake ya uraia ya 1955, kilichosema kuwa raia "asiye wa asili ya Kigiriki" akiondoka nchini bila nia ya kurudi anaweza kuvuliwa uraia. Nia hiyo aliiamua afisa. Hadi kifungu kilipofutwa mwaka 1998, watu wapatao 60,000 walikuwa wamevuliwa, na wengi wao ni Waislamu wa Thrace, jimbo la kaskazini-mashariki ya Ugiriki. Myanmar nayo, kwa sheria ya 1982, hutambua kwa ukamilifu makabila yaliyokuwapo nchini kabla ya mwaka 1823. Orodha rasmi ina makabila 135, na Warohingya, jamii ambayo wengi wao ni Waislamu, hawamo. Hakuna aya isemayo "Mwislamu asipewe". Kuna tarehe tu, na orodha. Wakati wa kipigo cha jeshi kilichoanza Agosti 2017, watu zaidi ya 700,000 walivuka kwenda Bangladesh, na swali wanaloulizwa kila kunapozungumzwa kurudi ni lile lile: karatasi yako iko wapi?

Na Muscat yenyewe? Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, watu wa Zanzibar na pwani yetu wenye asili ya Oman walifunguliwa mlango wa kurudi. Mswahili Mwislamu asiye na kabila la Oman hakuhesabiwa mwenye haki hiyo, ijapokuwa kibla ni kimoja. Huo ulikuwa mlango wa nasaba. Familia zilizogawanyika, kaka akapata na mama mmoja asipate, ziko Lamu na Malindi hadi leo.

Sasa rudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27(4), inakataza Serikali kumbagua mtu, moja kwa moja au kwa njia ya mzunguko, kwa misingi kadhaa ikiwemo dini, asili ya kikabila au kijamii, mavazi na kuzaliwa. Maneno "kwa njia ya mzunguko" ndiyo yanayokuhusu. Sharti linaweza kuonekana la wote, lakini likawa linaangukia watu wa aina moja tu.

Nianze na mdogo wako, kwani lake ni jepesi kisheria na zito kiutendaji.

Kifungu cha 14(1) cha Katiba kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Mmoja yatosha. Hakuna babu mle, wala babu wa babu. Swali la babu lina asili yake halali, nami nitakuonyesha lilikotoka. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, aliyezaliwa Kenya akawa raia siku hiyo bila kuomba ikiwa jana yake alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, kwa sharti kwamba angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Kwa hiyo kwa mtu aliyezaliwa kabla ya tarehe hiyo, mahali alipozaliwa mzazi wake ni swali la sheria. Shangazi yako, wa 1959, ataulizwa kwa haki babu yenu alizaliwa wapi. Mdogo wako ambaye baba na mama wana vitambulisho vya Kenya hapaswi kuulizwa: swali hilo lilishajibiwa siku wazazi walipopewa vipande vyao. (Wazee wetu bado waita kipande, jina la ile karatasi ya mkoloni iliyotundikwa shingoni. Jina limebaki, na adabu ya meza nayo wakati mwingine imebaki.)

Sasa msasa. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, kifungu cha 8, humruhusu afisa wa usajili kudai ushahidi wa ukweli wa maelezo ya mwombaji, lakini ushahidi ulio ndani ya uwezo wa mtu huyo kuutoa. Kifungu hicho hicho humruhusu waziri kuteua kamati za utambuzi, kwa kuzitangaza katika Gazeti la Serikali. Hapo pana maswali mawili ya kuuliza kwa upole kabisa. Kamati hii ya wazee imetangazwa gazetini? Na cheti cha mtu aliyekufa kabla ya uandikishaji wa vizazi kuenea, je, kiko ndani ya uwezo wa kijana wa miaka 19? Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kumalizika kwa msasa wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani. Tangazo hilo ulitaje, lakini usiliegemee peke yake. Tangazo halifuti kifungu cha 8, na afisa ajuaye kazi yake atakujibu hivyo.

Tatizo lenyewe la mdogo wako, na la vijana wengi wa namna yake, mara nyingi ni hili: hajawahi kuomba. Yaani yeye ajua ameomba mara nne, ila ofisi haina kumbukumbu hata moja, kwa sababu kila alipokwenda karatasi zilitazamwa zikarudishwa kwa mdomo, "kalete ya babu". Mtu aliyeomba kwa kweli huchukuliwa alama za vidole, akapewa kile kikaratasi cha kusubiri chenye nambari. Bila nambari hiyo, mbele ya mahakama huna ombi, na bila ombi hakuna aliyekukatalia. Basi lengo la safari ijayo lisiwe kupata kitambulisho. Liwe kupata mojawapo ya vitu viwili: kikaratasi cha kusubiri, au kukataliwa kwa maandishi.

Aende na cheti chake cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi wote wawili na nakala zake, cheti cha shule, na barua. Barua iwe kwa Kiswahili ikiwa ndiyo lugha anayoimudu. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na hakuna karani mwenye ruhusa ya kuikataa kwa ajili hiyo. Iwe fupi namna hii:

"Mimi, fulani, nimefika ofisi hii leo tarehe fulani kuomba kitambulisho cha taifa. Nimewasilisha cheti cha kuzaliwa nambari kadha, na vitambulisho vya baba na mama nambari kadha na kadha. Tarehe fulani na fulani niliambiwa nilete hati ya babu wa babu yangu. Naomba ombi langu lipokelewe. Likikataliwa, naomba kwa maandishi uamuzi, sababu zake, na kifungu cha sheria kinachodai hati hiyo. Naomba pia nakala ya mwongozo unaotumika kwa waombaji wote wa kaunti hii. Naomba haya kwa vifungu vya 35 na 47 vya Katiba."

Achape nakala tatu. Moja apewe afisa, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa irudi mkononi, ya tatu ikae nyumbani. Muhuri ukikataliwa, aitume kwa posta ya rejista na atunze risiti. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 kujibu ombi la habari. Ikinyamaza au ikikataa, ana siku 30 kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki za Utawala, ile iitwayo Ombudsman. Kuhusu sababu za uamuzi, Sheria ya Haki katika Utendaji wa Utawala ya 2015, kifungu cha 6, ina meno mazuri: afisa asipotoa sababu alizoombwa, mahakama itachukulia kuwa uamuzi ulifanywa bila sababu njema, hadi athibitishe vingine. Ndiyo maana nasema karatasi yenye muhuri ina uzito kuliko safari kumi za mashua.

Ubaguzi wa dini unathibitishwaje, basi? Si kwa kusema "aliniangalia vibaya nilipotaja jina langu". Unathibitishwa kwa kulinganisha. Tafuta waombaji wawili wa umri mmoja, kata moja, karatasi sawa, mmoja mwenye jina la Kiislamu na mwingine asiye nalo, na uandike kila mmoja alidaiwa nini na alipata lini. Watu wawili ni kisa tu. Watu kumi na watano kwa kila upande, tarehe na nyaraka zao zikiwa kwenye daftari moja, ni ushahidi wa mzunguko ule unaokatazwa na kifungu cha 27. Daftari liwe na safu tano: tarehe, hati zilizopelekwa, swali lililoulizwa kwa maneno yale yale, hati ya ziada iliyodaiwa, na matokeo. Andikeni siku ile ile. Kumbukumbu ya miezi sita baadaye hubomolewa na wakili wa Serikali kwa swali moja.

Jihadharini na jambo moja katika kudai. Afisa akishtakiwa kwa ubaguzi wa dini atajibu kuwa aliuliza juu ya asili, na kwamba Lamu imepakana na Somalia, kwa hiyo ni usalama. Msichague dini peke yake. Dai liseme dini, na asili ya kikabila, na kuzaliwa, yote matatu, kwani Mbajuni wa Kiunga au Mwarabu wa Mkomani huulizwa kwa sababu zote hizo kwa pamoja na hakuna awezaye kuzitenganisha. Usalama nao si neno la kufunga mjadala. Kwa kifungu cha 24 cha Katiba ni Serikali inayobeba mzigo wa kuonyesha kwamba kizuizi ni cha lazima na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Wanubi wa Kenya, jamii ya Waislamu wenye asili ya Sudan, walipita njia hii. Kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua tarehe 22 Machi 2011 kuwa watoto wao walikosewa, na mwaka 2015 Tume ya Afrika ya haki za binadamu ikaamua kwa faida ya jamii yenyewe. Walishinda kwa sababu waliweza kuonyesha kuwa wenzao wa makabila mengine hawakupitishwa kwenye tanuri lile.

Na orodha pia hufanya kazi kwetu. Kwa Malindi, wasomaji wa Ngomeni na Mayungu wanajua habari za Wapemba: wavuvi waliozaa watoto na wajukuu hapa bila kitambulisho, kwa kuwa kwenye fomu hapakuwa na kabila lao. Walitambuliwa Julai 2023. Wamakonde wa Kwale waliwatangulia mwaka 2016, baada ya kutembea kwa miguu kwenda Nairobi. Dini ya Mpemba haikubadilika mwezi ule, wala kuzaliwa kwake. Kilichoongezwa ni mstari mmoja kwenye orodha.

Sasa binamu. Aliyekuambia amezaliwa nje hana haki amesoma katiba ya zamani, ambayo kwa mtoto aliyezaliwa nje ilimtazama baba tu. Mama Mkenya hakumpa mwanawe kitu. Katiba ya 2010 ilirekebisha hilo kwa nyuma. Kifungu cha 14(2) kinasema kanuni ya mzazi mmoja inamhusu pia aliyezaliwa kabla ya Katiba kuanza tarehe 27 Agosti 2010, awe amezaliwa Kenya au nje, ikiwa mama au baba "ni au alikuwa" raia. Weka kidole chako kwenye neno "alikuwa". Shangazi alikuwa raia kuanzia 12 Desemba 1963, akiwa na miaka minne. Akaupoteza alipochukua uraia wa Oman akiwa mtu mzima, kwani katiba ile haikuruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Lakini alikuwa. Hilo ndilo linalombeba binti. Uarabu wake hauingii popote.

Shangazi mwenyewe anasimama kwenye kifungu cha 14(5): raia kwa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine ana haki, akiomba, kurejeshewa. Ni haki, si hisani; afisa hakagui kama anampenda, anakagua kama alikuwa raia.

Ushauri wangu ni faili la mama litangulie. Likikubaliwa, cheti chake cha kurejeshewa uraia kinakuwa hati bora kuliko zote katika faili la binti, na hakuna tena atakayeuliza juu ya 1963. Yakipelekwa pamoja, dosari moja kwa mama huyasimamisha yote mawili. Maombi yanapokelewa na Idara ya Uhamiaji Nairobi, au kupitia ubalozi wa Kenya mjini Muscat.

Kazi kubwa ni kuthibitisha vitu viwili vya mwaka 1963: kwamba shangazi alizaliwa Lamu, na kwamba mmoja wa wazazi wake alizaliwa Kenya. Mtoto wa 1959 aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga huenda hakuandikwa. Mtoto aliyepita miezi sita bila kuandikwa huandikwa kwa njia ya uandikishaji wa kuchelewa, na ofisi itataka hati za wakati ule. Tafuteni kwa mpangilio huu: pasipoti yake ya Kenya aliyosafiria 1976 (hii ikipatikana nusu ya kazi imekwisha), rejista ya shule ya msingi, kipande cha babu yenu, cheti cha ndoa ya babu na bibi katika kumbukumbu za Mahakama ya Kadhi, hati ya shamba au nyumba. Pwani tuna bahati moja ambayo bara hawana: Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwalazimu wenye ardhi wa ukanda huu kupeleka madai yao, na majina ya babu zetu yamo humo. Hati ya wakfu yenye jina la babu wa babu yako pia ipo katika familia nyingi za Lamu, sandukuni, ikiliwa na mchwa. Haithibitishi alizaliwa wapi, ila inathibitisha kuwa alikuwa hapa, na viapo vya wazee wawili huziba pengo lililobaki.

Faili nyingi za Muscat hufia kwenye majina, wala si kwenye sheria. Tuseme rejista ya shule ya Lamu ina "Fatma Ali Shee", na pasipoti ya Oman ina "Fatima bint Ali bin Sheikh" pamoja na nisba ya kabila ambayo Lamu haikuandikwa kamwe. Athman huko ni Othman. Tarehe ya kuzaliwa hapa ni mwaka tu, huko imekuwa tarehe 1 Januari. Kwa kompyuta hao ni wanawake wawili. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, inayotaja kila namna jina lilivyoandikwa, katika hati gani, ya tarehe gani, na kusema wote ni mtu mmoja. Kiapo kinachosema tu "majina yote ni yangu" bila kuyataja hurudishwa. Hati za Kiarabu zitafsiriwe na mfasiri aliyesajiliwa, zithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya Oman, kisha na ubalozi wetu. Kuna anayeruka hatua ya katikati, akafika Nairobi na karatasi safi isiyokubalika.

Na msinunue cheti. Broka atakayewaambia cheti cha 1959 kinapatikana kwa wiki moja anasema kweli: kinapatikana, na nambari yake ni ya mtu mwingine. Siku ya kulinganishwa na rejista, faili la haki linageuka faili la jinai, na binamu aliyekuwa raia tangu kuzaliwa anajikuta akijitetea dhidi ya udanganyifu.

Mwisho ni upande wa Oman, na hapa msifanye haraka. Kenya huruhusu nchi mbili: kifungu cha 16 cha Katiba chasema raia kwa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuwa na mwingine, ingawa sheria ya uraia ya 2011 yamtaka mwenye nchi mbili autaje uraia wake wa pili ndani ya miezi mitatu, na kutofanya hivyo ni kosa. Oman kwa kawaida hairuhusu bila idhini. Kwa binti, atakachoomba Kenya ni kutambuliwa kuwa alikuwa raia siku zote. Kwa mama, ni kurejeshewa alichopoteza. Muscat huenda wasiyatazame mambo hayo mawili kwa jicho moja, na nyumba, pensheni na kazi za huko zimefungwa kwenye pasipoti ile. Kabla shangazi hajatia sahihi fomu yoyote, amwone wakili wa Muscat akiwa na nakala ya kifungu cha 14 mkononi, na aulize swali hilo moja kwanza, kwa niaba yake, kisha kwa niaba ya bintiye.